Shukrani kwa dereva aliyetusaidia Mlima Kitonga

Kwako kaka wa lori la mbao uliyekuwa ukishuka Kitonga: jina lako sikulipata, lakini asante sana, tena sana.

Lori letu la dizeli ni la zamani. Tambarare lilikuwa linakwenda vizuri, ila tukishika mlima linamisi, yaani injini inakatakata, linakosa nguvu, kisha linazima. Fundi mmoja alishatuambia ni pampu, ishushwe yote, na fedha hiyo hatukuwa nayo. Wewe ulianza kwa kukagua kifuniko cha tenki. Tundu lake la hewa lilikuwa wazi, kwa hiyo tatizo halikuwa hapo. Kisha ukaunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta, tukayaona mapovu yakipita. Hapo ukatueleza jambo ambalo kila mwenye gari kuukuu anastahili kulijua: kutoka kwenye tenki mafuta yanavutwa, hayasukumwi, kwa hiyo mpira uliopasuka upande huo unaweza kuingiza upepo bila kudondosha hata tone. Kumbe ndiyo maana tulitafuta panapovuja na hatukuona kitu!

Ukakata sehemu iliyochakaa, ukafunga klipu yako mwenyewe, ukalegeza nati ya kutolea upepo na kupiga pampu ya mkono mpaka dizeli ikatoka bila povu. Malipo ukakataa, hata ya soda.

Mbolea ilifika Uyole, wakulima wameipata kwa wakati. Familia nzima inakusalimu, kaka. Ukipita Mbeya, ulizia wasafirisha mbolea pale stendi ya malori, uje nyumbani ule nasi.