Barua ya wazi kwa vijana wa Mtwara na Lindi: toeni farumi kabla ya kusifu manowari

Wanangu wa Shangani, Ligula, Mikindani na Lindi mjini,

Hamjambo. Hoja yenu imenifikia. Mnasema vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilishavuka mto Ruvuma hadi kijiji cha Kitaya mwezi Oktoba 2020, na gesi ya Mnazi Bay iko ukingoni mwa bahari. Kwa hiyo mnataka Jeshi letu la Wanamaji litafutiwe manowari kubwa zilizotumika, za bei nafuu, zije zifunge gati hapa Mtwara. Uchungu wenu na pwani hii ninauheshimu. Njia mliyoichagua ndiyo inayonitia hofu.

Anayenunua jahazi Mikindani hatazami tanga wala rangi. Huomba farumi, yaani mzigo wa kutuliza chombo, itolewe, akashuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, akachoma kisu kwenye mataruma, zile mbavu za jahazi, pale yanapokutana na mkuku, uti wa mgongo wake, maana ndipo maji yanapolala. Kisu kikizama, hupanda juu akaaga. Manowari ya chuma inataka ukaguzi uleule, ila badala ya kisu kuna kifaa cha mawimbi ya sauti kinachopima unene wa bamba.

Bamba la manowari huwa jembamba kuliko la meli ya mizigo, kwa sababu meli ya vita hutafuta mwendo. Sehemu nyingi za chombo cha doria hazizidi milimita 6 hadi 8. Bamba la milimita 8 likishaliwa robo, limebaki 6, na hapo mazungumzo ya bei yamekwisha. Sasa mnazungumzia kukata na kuchomelea upya. Kutu nayo haili bamba sawasawa. Huanzia chini ya mitambo, ambako mafuta na maji ya chumvi hukaa pamoja. Huanzia pia chini ya jiko na vyoo, kwenye chumba cha mnyororo wa nanga, na kando ya valvu zinazoingiza maji ya bahari. Muuzaji akileta ripoti ya vipimo vya ubavuni peke yake, bila hata kimoja cha chini ya injini, mrudishieni. Mkiona bamba limechomelewa juu ya bamba, ulizeni la chini lina nini, maana maji yakipenya katikati ya mabamba mawili hayana pa kutokea. Na rangi mbichi ngamani, kwenye meli inayouzwa, ni sababu ya kukwangua papo hapo.

Wengi mnauliza umri wa meli kwanza. Umri una uzito, kwa kuwa manowari nyingi husanifiwa kwa miaka 25 hadi 30. Lakini miaka iliyokaa bila kazi inaua zaidi. Kanada ilinunua nyambizi 4 za Uingereza mwaka 1998, vyombo vilivyokuwa vimetumika miaka michache tu kisha vikawekwa gatini tangu mwaka 1994. Mojawapo, Chicoutimi, ilitoka Scotland kuelekea nyumbani Oktoba 2004. Bahari ilikuwa imechafuka, milango ya mnara ilikuwa wazi, maji yakaingia. Yalifika kwenye maungio ya nyaya kubwa za umeme ambayo hayakuzibwa vya kutosha. Moto ukawaka, na afisa mmoja akafariki. Chombo kilikuwa na miaka 14 tu tangu kianze kazi.

Nyaya ndizo zinazofilisi wanunuzi, kwa kuwa hazionekani. Zimepita nyuma ya kuta na chini ya sakafu. India ilikubaliana na Urusi mwaka 2004 kuikarabati Admiral Gorshkov, manowari ya kubeba ndege, leo Vikramaditya, kwa dola milioni 974, ikabidhiwe 2008. Walipoifungua, kazi ya nyaya na mabamba ikakutwa kubwa mno kuliko ilivyokadiriwa. Bei ikafika dola bilioni 2.35 na meli ikakabidhiwa Novemba 2013. Hata majaribio ya 2012 yalikwama kwa sababu tofali za kuhami joto ndani ya maboila zilivunjika, na maboila 7 kati ya 8 yakashindwa. Tofali hizo ziliwekwa kwa kuwa India ilikuwa imekataa asbesto, kihami joto kinachodhuru mapafu, na ilikuwa na haki kukataa. Sasa pimeni: India ina mabandari ya kijeshi, viwanda vya kujenga meli na wahandisi maelfu, na bado ilishtukizwa. Sisi tutajuaje kilichomo ukutani kwa ukaguzi wa siku tatu?

Nije kwenye jambo ambalo sijasikia hata mmoja wenu akiligusa, nalo ni umeme wa gatini. Manowari nyingi za Marekani na Ulaya zimetengenezwa kwa volti 440 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 400 na hezi 50. Ukiiunganisha meli ya namna hiyo moja kwa moja na umeme wa nchi kavu, kila mota inazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, yaani pungufu kwa karibu asilimia 17. Pampu ikipungua mwendo kiasi hicho, presha yake hushuka kwa asilimia 30 hivi, na pampu ya zimamoto iko humo. Mota zenyewe hupata moto, kwa kuwa volti haikushuka kwa uwiano wa hezi.

Dawa yake ni mtambo wa kugeuza hezi, ujengwe bandarini. Msipoujenga, meli itawasha jenereta zake usiku na mchana ikiwa imelala. Chukueni mzigo mdogo wa kilowati 300. Jenereta hunywa takriban lita 75 kwa saa, sawa na lita 1,800 kwa siku. Meli ikikaa gatini siku 200 kwa mwaka, mmechoma lita 360,000 za dizeli bila kukamata hata mvuvi mmoja wa baruti. Na kila saa hiyo inahesabiwa kwenye uhai wa jenereta, ambazo vipuri vyake pengine havitengenezwi tena.

Meli za mvuke zisizungumzwe kabisa. Brazil ilichukua Foch ya Ufaransa mwaka 2000, meli iliyoanza kazi 1963, wakaiita São Paulo. Mabomba ya mvuke yalipasuka na kuua mabaharia. Miaka mingi ilikuwa kwenye matengenezo kuliko baharini. Ilipostaafishwa, Uturuki ilikataa kuipokea kuivunja kwa ajili ya asbesto, ikavutwa huku na huko, na Februari 2023 Brazil ikaizamisha yenyewe Atlantiki. Anayenunua meli kuukuu ananunua na mazishi yake.

Sisemi kila cha mtumba ni kibaya. Chile ilinunua manowari 3 za Uingereza za aina moja, Norfolk, Marlborough na Grafton, zikaingia kazini kati ya 2006 na 2008. Grafton ilikuwa na miaka kama 10 tu. Zilikuwa ndugu watatu, hivyo kipuri cha moja kinaingia kwenye nyingine. Zilikuwa zimetoka kazini karibuni, na Chile ina karakana yake ya Talcahuano inayoweza kuzifungua na kuzifunga. Hapo mtumba una maana. Kenya nayo ilipokea mwaka 2011 meli ya doria ya Ufaransa, La Rieuse, ikaitwa Harambee. Ni chombo cha mita 54 hivi chenye injini za dizeli, kiasi ambacho fundi wa pwani yetu anaweza kukielewa.

Wala upya peke yake si kinga. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilikopa kwa siri karibu dola bilioni 2 kuanzia 2013, kwa boti mpya za uvuvi na za doria. Boti zikaozea Maputo, na wananchi wanalipa hadi leo. Hazikuwa na mabaharia waliofunzwa, wala vipuri, wala mpango wa kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenye waraka mnaotaka kuupeleka kwa wabunge wetu ni huu. Ombeni boti za doria za mita 30 hadi 40, za aina moja, zisipungue tatu: moja baharini, moja kwenye matengenezo, moja kwenye mafunzo. Kwa pwani ya kilomita zaidi ya 1,400, boti sita za namna hiyo zitafanya kazi kuliko manowari moja ya mita 115 inayosubiri kipuri. Ikitokea serikali inapewa chombo kilichotumika, hata kwa bure, kikaguliwe kikiwa kimepandishwa chelezoni, pale meli inapotolewa majini kutengenezwa. Kisha kiende baharini saa 4 mfululizo kwa nguvu zote. Usukani ugeuzwe kutoka nyuzi 35 upande mmoja hadi 30 upande wa pili ndani ya sekunde 28. Jenereta zote zizimwe ghafla, tuone kama ile ya dharura inajiwasha na giza kuondoka. Sampuli ya mafuta ya injini ichukuliwe baada ya safari, injini ikiwa bado ya moto. Chembe za shaba na risasi ndani yake zinaonyesha beringi zinalika. Na kama kimenunuliwa, sehemu ya malipo ishikiliwe hadi mwaka mmoja upite.

Kabla ya hayo yote, ombeni karakana na chelezo cha boti hapa kusini. Leo chombo chetu kikiharibika rafadha, yaani panga la kusukumia chombo, msimu wa kusi, kinavutwa kuelekea kaskazini kutafuta pa kupandishwa, na bahari ya Mtwara inabaki tupu wiki nzima. Mikindani wapo vijana wanaojua kuchomelea na kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao. Wafunzwe kuchomelea bamba la meli kwa cheti, waanze na vyombo vya uvuvi.

Suala la umeme wa gatini liandikeni ukurasa wa kwanza. Rasimu ikiwa tayari nileteeni kabla hamjaituma, pamoja na hesabu zenu za mafuta, tuzipitie mstari kwa mstari.

Mzee wenu,
Mikindani