Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mashua yetu imefikia wapi

Wazee wangu, kina mama, vijana wote wa chama, asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe nawasalimu pia. Mwaka umekatika na katiba yetu inasema mwenyekiti atoe taarifa, haya naitoa, ila ya kawaida nitayapitisha mbio maana najua mnachotaka kusikia ni mashua tu, nikipita Mikindani sokoni hata watu ambao hawajawahi kulipa senti tano ya chama wananisimamisha, mwenyekiti mashua vipi.

Tumefiwa mwaka huu, mnajua wote, Mungu awarehemu wenzetu. Tumepata wanachama wapya, wengi vijana wa Msangamkuu na kina mama wa mwani, karibuni sana. Ada ni shida ile ile. Wengi mliniambia mwenyekiti subiri korosho, sawa nikasubiri, korosho zimepigwa mnada, hela zimeingia kwenye simu za watu, na mimi bado nasubiri. Hesabu atasoma mweka hazina mwenyewe kwenye kikao, na risiti zote anazo kwenye bahasha, anayetaka kuzishika azishike.

Sasa Wache Waseme.

Kwa wageni wasiojua, hii ni mashua ndogo ya tanga moja, futi ishirini na kidogo, ya mzee wetu marehemu. Aprili 2019 tulipotangaziwa kimbunga Kenneth watu wakavuta vyombo juu, na yeye akaivuta ya kwake, kimbunga chenyewe kikaenda kupiga ng'ambo ya mto Ruvuma kule Cabo Delgado, Msumbiji, wengine wakarudisha vyombo majini ila mzee alikuwa ameshaanza kuumwa na mashua ikabaki pale pale chini ya mwembe. Familia ndo wametukabidhi, Mungu awalipe. Tulivyoikuta, kuku wa jirani anatagia kwenye shetri, kule nyuma ya mashua, na amekaa kwa raha zake utadhani ndo nahodha.

Wengi tulidhani ubovu utakuwa chini, kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua yote, kwa sababu ndo sehemu iliyokaa miaka kwenye maji. Fundi wetu akaingia na kisu kidogo tu, anachoma ncha kwenye mbao moja baada ya nyingine, ikigoma anasonga, ikizama anaweka alama ya mkaa. Mkuku mzima kabisa! Alama karibu zote zikaangukia ndani, kwenye ngama, pale chini ndani maji yanapokusanyika, upande wa nyuma, kwanini, kwa sababu nguruzi, kile kizibo cha tundu la kutolea maji, ilikuwa imegongwa na haikutolewa, mvua za masika zote hizo zikaingia zikatulia humo pamoja na majani ya mwembe yakaoza. Maji ya chumvi yanaihifadhi mbao, ya mvua ndo yanaiozesha. Kwahiyo nyie wenye vyombo mnaovivuta juu, ng'oeni nguruzi na muinamishe chombo kidogo maji yatoke, kufunika na turubai peke yake haitoshi, na turubai lenyewe likibana sana bila kupitisha hewa ni kama mmeipikia mbao mvuke.

Upande ule unaopigwa na jua la jioni nao ulikuwa umefunguka, kidole cha mwisho kinapita kati ya mbao na mbao. Hapo ndo likaanza lile zogo mnalolikumbuka, vijana wanasema tupige faiba, yaani fiberglass, juu kwa juu tumalize, ndani ya wiki iko majini. Nililikataa na naandika hapa sababu ili isije ikasemwa mwenyekiti mshamba. Mbao kuukuu inanyonya maji na kutoa, inavimba na kusinyaa, ukiivika faiba yenyewe haivimbi, inaachia, maji yanaingia katikati hayaoni pa kutokea, na kule ndani mbao inaoza wewe nje unaona inang'aa. Misimu miwili mitatu unabaki na ganda. Faiba ni nzuri kwa boti iliyozaliwa ya faiba, sina ugomvi nayo.

Mbao ndo zilituchelewesha. Tuliuziwa tukaambiwa mkongo mkavu, kumbe mbichi, ziliwekwa kivulini zikaanza kupinda tunaziangalia, tukapiga kelele mpaka tukarudishiwa sehemu ya hela, aliyetuuzia simtaji. Za pili fundi alikwenda kuzichagua mwenyewe. Mataruma, zile mbavu za mashua, nayo yana hadithi yake, taruma zuri linatoka kwenye mti uliopinda wenyewe, hulichongi kwenye ubao ulionyooka ukategemea likae, na kuna wajumbe walitaka tukate mikoko usiku, nikasema hapana, mikoko ni hifadhi ya serikali na hukati bila kibali, siwezi kwenda kulala ndani kwa ajili ya taruma. Tumepata matawi ya mwembe yenye mkunjo, yamechongwa kwa tezo na yamekaa vizuri. Mkorosho tuliletewa bure, fundi akauangalia akacheka.

Misumari ya zamani mingi ilikuwa imebaki kutu tupu, ukiigusa inavunjika, na mbao iliyouzunguka imekuwa nyeusi na laini. Tumeweka mipya iliyopakwa zinki, na kila msumari kabla haujagongwa unazungushiwa uzi wa pamba iliyolowekwa mafuta, hapo shingoni chini ya kichwa, ukizama kichwa kinabana ile pamba na tundu linaziba. Kazi ya kuzungusha pamba wamefanya watoto wetu wa skuli wakati wa likizo na wameifanya kuliko sisi watu wazima tuliokuwa tunapiga soga.

Alafu kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao. Hapa nilikaa na fundi siku nzima nikaona. Anasokota pamba kama kamba nyembamba, anaichovya mafuta, anaiweka kwenye mwanya na kuisukuma kwa patasi butu na nyundo ya mti, na anafanya kazi kwa sikio, mlio ukiwa mzito bado, mlio ukibadilika ukawa mkavu anaacha hapo hapo. Mjumbe mmoja akamwambia gonga zaidi fundi, bado naona mwanya. Fundi akamjibu, mjomba, hii mbao ina kiu ya miaka, ikinywa itavimba, nikijaza pamba leo kesho itang'oa misumari ikitafuta pa kwenda. Ndo maana kabla ya hapo mliona tunaimwagia maji ya bahari na kuifunika magunia yaliyolowa, watu wakapita wakisema wamechanganyikiwa wanaogesha mashua. Jina lake lenyewe Wache Waseme.

Chini tumeichoma kwa makuti kuua wadudu, tukapaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kama wazee walivyofanya. Ndani imepakwa sifa. Harufu ya yale mafuta ya papa mtaa mzima umeisikia na majirani nawaomba radhi kwa niaba ya chama, itaisha.

Kilichobaki sasa. Tanga la zamani panya wamelila, linashonwa jipya la maradufu, kile kitambaa kizito cha tanga. Mlingoti mzima. Foromali, ule mti unaobeba tanga, imepasuka kwa urefu, haifai hata kufunga kamba. Suala la mashine, kuna wanaotaka tuifungie, mimi maoni yangu hii ni mashua ya kufundishia vijana tanga, mashine ziko kwenye vyombo chungu nzima, ila tutapiga kura kikaoni na nitakubali. Ila hakuna mtoto atakayepanda kabla haijakaguliwa na watu wa TASAC, wale wa serikali wanaokagua usalama wa vyombo vya majini, na kabla jaketi okozi hazijatosha kila kichwa, hilo halina kura.

Kushusha, fundi anataka bamvua, siku maji yanapojaa sana, maana pale mbele yetu maji mafu, yale ya kujaa kidogo, hayafiki ilipo. Na itakapoelea ITAVUJA, nasema mapema, itavuja sana siku za kwanza mpaka mbao zikaze, tutaifunga pale maji ya kiunoni na zamu ya kukumba maji itakuwepo usiku na mchana, katibu anaandika majina, leteni upo zenu, vile vyombo vya kukumbia. Asitokee mtu na pamba na nyundo eti anasaidia.

Kuhusu foromali, mwenye mvinje ulionyooka shambani kwake, mkavu au ulioangushwa zamani, amwone katibu kabla ya kikao, bei tutaelewana na fundi ataufuata mwenyewe.