YAH: Malalamiko kuhusu Toyota IST iliyorudishwa na hitilafu ileile, na lugha ya msimamizi wenu

Kwa Meneja wa Gereji,

Salaam. Namba ya kazi mnayo na masharti yenu ya dhamana mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo naanza na lililonifanya niandike.

Alhamisi, mbele ya wateja wanne, msimamizi wenu alishusha boneti ya gari langu nikiwa bado nimeinama juu ya injini. Akasema, "Mama, gari ni kazi ya mafundi. Kakae pale, chai ipo." Vijana wake wakacheka. Nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu, asikilize mluzi uliotoka kwenye injini.

Gari lilifika kwenu Jumanne ya wiki iliyotangulia likiwa na namba ya hitilafu P0171, yaani injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa inapanda na kushuka, asubuhi gari linatetemeka, ukiwasha AC linataka kuzima. Namba hiyo haisemi sensa ya oksijeni imekufa. Inasema sensa imeona oksijeni iliyozidi kwenye moshi, na kompyuta imeongeza mafuta mpaka imefika kikomo. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ninyi mlimng'oa, mkaweka mwingine, mkanitoza 280,000. Kusafisha noseli 120,000, plagi nne 140,000, ufundi 90,000. Jumla 630,000, na katika orodha yote hiyo hakuna mpira hata mmoja wa hewa uliokaguliwa.

Kabla ya kushika spana kulikuwa na tarakimu za kusoma. Injini yangu ya 1NZ-FE ikiwa ya moto na iko silensa, marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, yalisoma +24% ya muda mrefu na +7% ya muda mfupi. Ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, jumla inashuka hadi kama +8%. Fundi anayejua kazi haulizi tena, hewa inaingia baada ya sensa ya hewa. Tundu huvuta hewa isiyopimwa. Silensa ikiwa chini injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo wizi huo unaonekana mkubwa. Ukikanyaga mafuta, sehemu yake inakuwa ndogo. Pampu ikichoka au chujio la petroli likiziba, mambo huwa kinyume, hali inazidi kuwa mbaya kadiri unavyokanyaga. Na kama mlikuwa na shaka na pampu, geji ya presha mnayo. Injini hii inataka presha ya petroli ya kPa 304 hadi 343. Hakuna aliyeifunga geji hiyo. Nilipoonyesha tarakimu hizo kwenye simu, niliambiwa vidude vya simu ni vya kuchezea watoto.

Ijumaa ya wiki ileile mkanipa karatasi ya kompyuta yenye marekebisho 0%. Sifuri ile haikuwa dalili ya kupona. Mlifuta kumbukumbu ya hitilafu, na kufuta huko kunafuta pia marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta imejifunza. Jumatano taa ya hitilafu ikawaka tena.

Ndipo ikaja hiyo Alhamisi, na nairudia maana jambo lenyewe halikuishia kwenye kicheko. Injini ilikuwa inawaka. Mluzi ulisikika wazi karibu na kifuniko cha valvu. Niliweka kidole kwenye mpira wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa oili ndani ya injini, kwenye kona unapoingia manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa injini, silensa ikashuka na mluzi ukanyamaza. Nikaondoa, ukarudi. Mara ya pili ndipo boneti iliposhushwa, na mkono wangu ulikuwa bado chini yake. "Kakae pale, chai ipo." Chai sikuinywa. Baada ya nusu saa nikarudishiwa gari, nikaambiwa halina tatizo, nizoee tu kwa sababu ni la zamani. Nyumbani nikafungua boneti nikakuta silikoni nyeusi, mbichi, imepakwa kwenye kiungo kilekile nilichokishika. Kumbe alinisikia! Alinicheka mbele za watu, kisha akaenda kupaka nilipomwonyesha, tena sentimita mbili pembeni ya ufa.

Na silikoni za kawaida hazipakwi hapo. Mvuke wake ukivutwa ndani ya injini huacha utando kwenye sensa ya oksijeni, yaani ileile mpya mliyoniuzia.

Jumamosi fundi mwingine alipuliza moshi kwa mashine, injini ikiwa imezimwa. Haukupita muda ukatoka upande wa chini wa mpira, mahali pasipoonekana mpaka uupinde. Mpira umekakamaa kwa joto na oili, una ufa kama punje mbili za mchele. Mpira na vibano viwili, 18,000. Marekebisho ya muda mrefu leo yanasoma +3%.

Nilikusudia kudai 400,000 za sensa na noseli, basi. Nikikumbuka ile boneti, naona ni kidogo. Nadai 630,000 zote pamoja na 18,000 nilizolipa kwingine, na dhamana ya maandishi ya miezi sita kwa sensa hiyo, kwa kuwa silikoni mmeipaka wenyewe. Nadai pia barua ya kuomba radhi yenye saini ya msimamizi huyo, si ya mtu wa mapokezi, ambaye hana kosa. Sensa ya zamani nirudishiwe. Tangazo lenu ukutani linasema spea iliyotolewa ni mali ya mteja.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Siku ya nane risiti, picha za silikoni na karatasi yenu ya sifuri zitakuwa mezani kwa Tume ya Ushindani, na madai yataongezwa gharama za kufuatilia. Wale wateja wanne walisikia kila neno, na wawili wamekubali kuandika walichokiona.

Mteja wenu,
Mwenye IST ya rangi ya fedha