Figo ya tiba ya Kichina si figo ya maabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala ya afya mliyoichapa kuhusu tiba ya Kichina, iliyoeleza kwamba majira ya baridi ni ya Maji, moja ya elementi tano ambazo tiba hiyo huzihusisha na majira, viungo vya mwili na ladha, kwamba Maji ni figo, na kwamba ladha ya figo ni chumvi. Mwandishi hakuyabuni hayo, yamo katika mafundisho yenyewe. Lakini yametufikia bila maelezo yake, na hapo ndipo penye hatari.

Niliishi Beijing miaka minne nikiwa mwanafunzi, na jirani yangu alikuwa bibi mmoja aliyepita miaka 70. Kuanzia Novemba, kila jioni alichemsha tangawizi, akamimina maji yake katika beseni, akatumbukiza miguu hadi juu ya vifundo, na ikifika saa tatu usiku taa yake imekwisha kuzimwa. Siku ya Dongzhi, yenye usiku mrefu kuliko zote, ambayo huangukia tarehe 21 au 22 Desemba, aliniita tukala supu ya kondoo. Hakunitajia figo hata siku moja. Alichonihimiza ni kulala mapema, kungoja jua lichomoze ndipo niamke, na kutozimaliza nguvu zangu. Baadaye niliyakuta maneno hayohayo katika Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, ambacho huiita miezi mitatu ya baridi miezi ya kufunga na kuhifadhi. Nilipoliona ziwa la Houhai limeganda mwezi Januari, watu wanateleza juu yake na maji yametulia chini ya barafu, nilielewa kwa nini wazee wa kale wa Kichina waliyafananisha majira hayo na Maji. (Kipupwe chetu cha Juni hakina baridi ya namna hiyo.)

Neno tunalolitafsiri kuwa figo ni shen. Kwa waganga wa Kichina hilo ni ghala la asili ya uhai aliyozaliwa nayo mtu, ambayo hulea mifupa, nywele, usikivu na uzazi. Daktari wa hospitali anaposema figo, anakusudia viungo viwili vinavyochuja damu, ambavyo hali yake hupimwa maabara.

Sasa mgonjwa ambaye figo zake zinashindwa kuchuja, au mwenye shinikizo la damu, akisoma kwamba chumvi ndiyo ladha ya figo, ataongeza chumvi katika chakula ilhali ndiyo aliyokatazwa. Hata Huangdi Neijing yenyewe inaonya kwamba chumvi ikizidi, damu huwa nzito mishipani.

Madhara ya kuchanganya majina yamekwisha kuonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo, wengine hata wakahitaji kupandikizwa nyingine. Mmea uliokusudiwa ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, ambao ni sumu kwa figo, kwa kuwa majina ya Kichina ya mimea hiyo miwili yanakaribiana mno.

Kwa hiyo naomba makala ile irudiwe ikiwa na ufafanuzi wa neno shen, na sehemu inayohusu chumvi isahihishwe katika toleo lijalo, kwa herufi zinazosomeka vizuri na katika ukurasa uleule wa afya.

Msomaji wenu,
Tanga