Furaha, robo ya lupango

Lubumbashi, Katuba

Furaha mwanangu,

Sauti uliyotuma nimeisikiliza yote, ingawa mtandao ulikuwa unakatakata. Unasema bosi wako huko Ohio ameweka hisa zake kwenye trasti ya hisani: analipwa kila mwaka hadi afe, kisha kinachobaki kinaenda hospitali. Unauliza kwa nini nisifanye vile na lupango yetu, kiwanja na nyumba yake.

Nilimuuliza mwanasheria wa parokia. Hiyo ni sheria ya Marekani, ya tangu 1969. Malipo ya mwaka hayashuki chini ya asilimia 5 ya mali, na ukihesabu kwa miaka badala ya uhai wa mtu, haipiti 20. Kitakachobakia kwa ajili ya hospitali kinakadiriwa siku ileile ya kuweka, kisipungue sehemu ya kumi. Mtoaji anapunguziwa kodi, ndiyo maana matajiri wanaipenda. Ila akishaweka, hawezi kuichukua tena. Siku utakapopata mali huko, anza kufikiria hapo. Sheria yetu ya Kongo imetoka kwa Wabelgiji, trasti haimo.

Sisi tuna wasia. Kanuni ya Familia ya 1987 inasema robo tatu ni zenu watoto, wasichana na wavulana sawasawa, hata mimi siwezi kuzigusa. Katika robo inayobaki, nisipoandika kitu, ndugu zangu watadai fungu na watapewa. Mjomba wako unamjua. Tangu tumzike baba yako, anapita kila Jumapili kuhesabu mabati.

Robo hiyo nataka iende kwenye dispensari ya masista, pale ulipozaliwa. Nimefikiria vile vyumba viwili vya nyuma vyenye mlango wa barabarani. Lakini nikiandika tu "robo ya lupango", mtabaki na masista uwanja mmoja, bomba moja, choo kimoja, na mtagombana na watu wa Mungu. Kwa hiyo nimeita watu wa kadasta, wapima ardhi wa serikali, wapime kwanza, vyumba vipate cheti chao. Udongo ni wa serikali, sisi tuna haki ya kuukalia tu. Bila karatasi huna nyumba. Masista nao nimewaomba wanionyeshe kibali chao cha Waziri wa Sheria, maana shirika lisilo nacho haliandikishwi nyumba.

Dieudonné alitaka kunipigia wasia kwenye kompyuta. Nikakataa. Wasia wa nyumbani ni mkono wangu mwanzo hadi mwisho, na tarehe, na sahihi.

Mgawaji wa urithi nitakuandika wewe. Hata bila wasia, sheria inampa mkubwa wa warithi kazi hiyo, msipochagua mwingine. Wajomba watasema mwanamke aliye ng'ambo hawezi. Waseme.

Nitumie picha ya pasipoti yako, nione jina limeandikwaje humo. Nisije nikaandika la mume wako bure. Na watoto wavae makoti.

Mama yako