Barua ya wazi kwa kikundi cha sabuni ya mafuta yaliyokaangiwa

Wanangu,

Nimesikia mmekubaliana kukusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia na kuyageuza kuwa sabuni. Nimefurahi sana. Lakini kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu miaka mingi na najua inapouma, kwa hiyo nivumilieni nikiwaambia mambo machache kabla hamjawasha jiko.

Kinachowavuta ni kwamba mafuta yanapatikana karibu bure. Hicho hicho ndicho kitakachowasumbua. Anayenunua mafuta mapya anajua alichonacho. Ninyi leo mtaletewa dumu la alizeti, kesho la mawese yaliyokaangia samaki, na keshokutwa mchanganyiko ambao hata mwenyewe haujui. Mteja wenu hatajali hayo. Atataka mche wa leo ufue kama ule wa mwezi uliopita.

Basi anzeni kule mafuta yanakotoka. Wapeni wanaokaanga madumu makavu yenye vifuniko, na siku ya kuyafuata iwe ile ile kila wiki. Yakifika, yaacheni yatulie siku moja au mbili, kisha myachuje kwa kitambaa kizito. Yakiwa na harufu kali, yachanganyeni na maji ya chumvi yangali baridi, yachemsheni taratibu, yaacheni yapoe usiku kucha, halafu chukueni mafuta yaliyoelea juu. Msimwage maji kwenye mafuta ya moto hata siku moja. Na yale yaliyochacha mpaka yakawa mazito ya kunata, yakataeni hata mkipewa bure, kwa maana sabuni yake hutoka madoa ya rangi ya chungwa na kunuka ikiwa bado rafuni.

Sasa kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Hapa naomba mnisikilize kwa masikio mawili.

Nilipoanza nilipima kwa kikombe. Sabuni ilishika vizuri, ikapendeza macho, nami nikaiuza baada ya siku tano. Jirani yangu mmoja akaifulia, ngozi ya vidole vyake ikababuka. Hakunigombeza. Alinionyesha mikono yake, akarudi kwake, na hakununua tena kwangu. Mpaka leo nikiona mtu anachota kostiki kwa kikombe, naiona mikono ile.

Nunueni mizani ya kidijitali kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kila kitu kipimwe kwa gramu, hata maji. Kilo 1 ya mafuta ya alizeti huhitaji kama gramu 134 za kostiki ili yote yageuke sabuni. Ya nazi huhitaji kama gramu 183. Mkikosea mkatumia hesabu ya nazi kwenye alizeti, mmetengeneza kitu cha kuunguza watu. Msipojua mafuta ni ya aina gani, yahesabuni kama alizeti, kisha punguzeni kostiki kwa asilimia 5: kilo 1 ipate gramu 127 ndani ya gramu 300 za maji. Mafuta kidogo yatakayobaki bila kugeuka hayamdhuru mtu.

Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku mnakoroga, nje au penye hewa ya kutosha. Mkimimina maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kuwarukia usoni. Vaeni miwani ya kinga, glovu na mikono mirefu, na watoto wasiwe karibu. Msitumie sufuria ya alumini, maana kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Chuma cha pua au ndoo ya plastiki ngumu inafaa. Kostiki ikimrukia mtu, mmwagieni maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Msijaribu kuizima kwa siki. Ikiingia jichoni, mwosheni hivyo hivyo, halafu hospitali mara moja.

Maji hayo ya kostiki yachanganyeni na mafuta huku mnakoroga. Mchanganyiko ukiwa mzito kama uji unaoacha alama ya mwiko, mimineni kwenye fremu ya kuigandishia sabuni. Kesho yake au keshokutwa mkate miche, muipange kwa nafasi ili hewa ipite, na msubiri wiki 4 hadi 6. Kusubiri huko ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa fedha imelala rafuni na wateja wanagonga mlango. Sabuni mbichi ina maji mengi, huyeyuka upesi, na mche mliouza kwa uzito wa leo utakuwa mwepesi baada ya mwezi. Pangeni bei kwa uzito wa sabuni iliyokauka.

Kwenye bei, mafuta msiyahesabu kuwa bure. Kuna nauli ya kuyafuata, kuni au gesi, vifungashio, sabuni iliyoharibika, na saa zenu wenyewe. Nimeona kikundi kikivunjika kwa sababu aliyebeba madumu na aliyekaa kivulini waligawana sawa na hakuna aliyeandika chochote. Wekeni daftari moja: tarehe, mafuta yametoka kwa nani, gramu ngapi za kila kitu, nani alifanya kazi siku hiyo. Mteja akilalamika, mtajua ni sabuni ipi na kosa lilikuwa wapi.

Iuzeni kama sabuni ya kufulia na kuoshea vyombo, nanyi mwandike hivyo kwenye karatasi yake pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Msimwambie mtu kwamba inatibu ngozi. Na kabla hamjapeleka madukani, ulizeni ofisi ya viwango ya mahali penu wanataka nini.

Anzeni na kilo 1 tu. Mche wa kwanza utakaotimiza wiki 6, nileteeni mimi. Nitaufulia nguo zangu mwenyewe, kisha nitawaambia ukweli.

Mzee wenu