Asante sana mzee wa pale Somerville

Jamani naomba nimshukuru mzee mmoja hatukuambiana majina, yule alieniona nimesimama juani na mtoto pale Main Street, Somerville, New Jersey, siku ya mbio za baiskeli, akavuta kiti chake na kibokisi chake cha barafu akatuachia kivuli halafu akaanza kunielezea kila kitu taratibu kabisa kama vile mimi ni mjukuu wake.

Yani mi nilidhani ni mbio tu za mtaani kumbe zimeanza 1940! Alieanzisha ni Fred Kugler, alikua na duka la baiskeli hapo hapo mjini, na kwa vile sheria ya New Jersey ilikua inakataza kushindana barabarani akaziita Tour, kama matembezi vile, zikaruhusiwa. Mwanae Furman akashinda 1940 na 1941, Carl Anderson akachukua 1942, na hao vijana wote wawili wakafa kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Mbio zikasimama, ziliporudi 1947 zikapewa majina yao. Na zinafanyika siku Wamarekani wanayowakumbuka wanajeshi wao waliofariki, na mzee alipofika hapo alivua kofia, aisee nilishikwa na uchungu.

Mpaka waendeshaji wanapita vuuu upepo unatupiga usoni tayari najua naangalia nini. Mzee wangu, Mungu akuzidishie afya, mwanangu bado anakuulizia.